Aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa? Maswali ya wasomaji kuhusu magari yanayogongana mfululizo

Maswali yote ya safari hii yanahusu ajali ya aina moja: gari linagonga jingine kwa nyuma, nalo linagonga la mbele yake, na magari matatu, manne au zaidi yanabaki yamebanana barabarani. Ili tusipotezane, gari lililo mbele kabisa tunaliita la kwanza, linalofuata la pili, na kuendelea hadi la mwisho. Sheria za bima hazifanani kila nchi, kwa hiyo mkataba wako usome pia. Namna ya kumtafuta aliyekosa, hata hivyo, haipishani sana.

Nilisukumwa. Kwa nini nidaiwe mimi?

SWALI: Nilikuwa wa pili kati ya magari matatu kwenye foleni. Nilishasimama kabisa, kama mita 2 nyuma ya gari la kwanza. Nikagongwa kwa nyuma na kusukumwa hadi nikaligonga la mbele. Leo nimepata barua kutoka bima ya gari la kwanza ikinitaka nilipe, kwa hoja kwamba gari lililomgusa mteja wao ni langu. Hii ni haki?

JIBU: Kama ulikuwa umesimama ukasukumwa, kosa si lako. Sheria inamtafuta dereva aliyezembea, na wewe hukuwa na la kufanya: hata ukiwa umekanyaga breki, gari lililopigwa kwa nguvu litasogea mita 2. Hasara zote tatu, yaani nyuma ya gari la kwanza, mbele ya gari lako na nyuma ya gari lako, zinamwangukia dereva wa tatu na bima yake.

Barua imekuja kwako kwa sababu kampuni ile inaanza na kanuni anayoijua kila mtathmini, yaani mkaguzi wa hasara wa bima: aliyegonga kwa nyuma anachukuliwa kuwa na kosa mpaka aonyeshe vinginevyo, kwa kuwa kila dereva ana wajibu wa kuacha nafasi ya kusimama. Kanuni yenyewe haina ubaya. Kosa ni kuitumia kwa ajali nzima kana kwamba ni tukio moja. Magari matatu yaliyobanana yana migongano miwili, na kila mmoja unachunguzwa peke yake: nani alikuwa mwendoni, nani amesimama, na mgongano upi ulitangulia. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua shauri lako. Ukitangulia mgongano wa nyuma yako, ulisukumwa. Ukitangulia wa mbele yako, uligonga mwenyewe kabla hujaguswa na mtu.

Utathibitishaje? Anza na watu waliokuwa ndani ya gari la kwanza. Walisikia vishindo vingapi? Kishindo kimoja kinaendana na maelezo yako, kwamba gari lako lilisukumwa likawafikia mara moja. Vishindo viwili vinaashiria kwamba gari la pili liligonga kwanza, kisha likapigwa na la tatu na kugonga tena. Maneno haya yaandikwe siku ile ile, na kila mtu aandike peke yake. Wiki mbili baadaye watu hukumbuka walichosimuliana, na ushahidi mzuri unakuwa umeharibika bila mtu kudanganya.

Kisha linganisha uharibifu wa mbele na wa nyuma wa gari lako. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga jingine la uzito ule ule lililosimama, na yote mawili yakasogea pamoja, mwendo wao unashuka hadi karibu nusu, yaani kilomita 30 kwa saa. Matairi yaliyofungwa breki yanaupunguza tena kabla ya kulifikia gari la mbele. Ndiyo maana gari lililosukumwa kwa kawaida huumia zaidi nyuma kuliko mbele. Mtathmini akikuta buti limechubuka tu, ilhali boneti limejikunja, rejeta imepasuka na mifuko ya hewa ya mbele imefumuka, maelezo ya kusukumwa hayatamwingia. Isipokuwa gari la tatu likiwa lori. Lori lenye mzigo likigonga gari dogo halipotezi mwendo mwingi, kwa hiyo gari la katikati linaweza kufinyangwa mbele na nyuma sawasawa, na kipimo hiki peke yake hakitoshi.

Tazama pia urefu wa alama kutoka ardhini, jambo ambalo wengi hawalijui. Gari linapofunga breki kwa nguvu huinamisha pua: bampa yake inashuka na kuingia chini ya bampa ya gari la mbele. Pima kutoka ardhini hadi ilipo alama kwenye gari la kwanza, kisha pima bampa yako ya mbele gari likiwa limetulia. Alama ikiwa chini kuliko bampa yako, watasema ulifika hapo huku ukifunga breki, yaani ulikuwa mwendoni. Zikilingana, hoja yako inapata nguvu. Acha tepu ya kupimia ionekane ndani ya picha. Na kama sehemu ya bampa imening'inia baada ya kugongwa, pima upande ambao bado umeshikwa mahali pake.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kumbukumbu ndani ya kompyuta ya mifuko ya hewa. Kumbukumbu hiyo huhifadhi sekunde chache kabla ya kishindo, mara nyingi 5: mwendo wa gari, na kama breki ilikanyagwa. Kwako hii ni dhahabu, maana itaonyesha mwendo ulikuwa sifuri. Lakini mifuko isipofumuka, rekodi inaweza kufutwa na tukio jingine la baadaye. Kama madai ni makubwa, iombe kwa maandishi kabla fundi hajaligusa gari.

Usikae kimya na barua hiyo. Ipeleke kwa kampuni yako ya bima siku hiyo hiyo, kwani mikataba mingi inakutaka uwape kila dai unalopokea na inakukataza kujadiliana mwenyewe na mdai. Ambatanisha ukurasa mmoja: ulisimama wapi, umbali uliokuwepo, mgongano upi ulitangulia, majina ya mashahidi, na namba ya gari la tatu pamoja na ya bima yake.

Na kama kweli nililigusa kwanza?

SWALI: Mimi pia ni wa pili kati ya watatu, lakini nakiri nililigusa gari la mbele kidogo, ndipo nikapigwa kwa nguvu na wa nyuma. Nitabeba yote?

JIBU: Hapana, utabeba sehemu yako. Nyuma ya gari la kwanza sasa imepata vipigo viwili mahali pamoja, na kazi ya mtathmini ni kuvitenganisha. Tuseme matengenezo yake ni 10,000 kwa fedha yoyote ile. Akiona kwamba mguso wako ulipasua gamba la bampa tu, la 1,500, na kwamba sakafu ya buti ilikunjwa na kipigo cha pili, la 8,500, basi wewe unabeba 1,500 na wa tatu anabeba 8,500. Hasara isipotenganishika, mnagawana kwa asilimia kulingana na uzembe wa kila mmoja. Mbele ya gari lako panafuata hesabu ile ile.

Nyuma ya gari lako kwa kawaida ni ya dereva wa tatu. Jiandae tu kwa hoja moja atakayoileta, nayo si ya kijinga: kwamba hukusimama kwa breki, ulisimama kwa kugonga. Gari linalofunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu linatumia mita kama 35 kusimama, na aliye nyuma anapata mita hizo hizo kufunga breki zake. Gari linalogonga linasimama ndani ya mita moja au mbili. Ulimnyima nafasi aliyotarajia. Mguso wako ukiwa mdogo kweli, hoja hiyo haina uzito. Ukiwa mkubwa, inaweza kukuhamishia asilimia fulani ya hasara yako mwenyewe.

Mgawanyo huu wa asilimia haukuwepo siku zote. Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1945, mdai aliyekutwa na kosa dogo tu aliweza kukosa kila kitu. Sheria hiyo ikaagiza fidia ipunguzwe kwa kadiri ya kosa lake, na nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinafuata njia hiyo. Lakini yapo majimbo machache ya Marekani, kama Maryland, Virginia, Alabama na North Carolina, ambako kanuni ya zamani bado ipo: kosa dogo la mdai linaweza kufuta dai lote. Anayeendesha ugenini ajue yuko chini ya kanuni ipi kabla hajaandika neno "kidogo" kwenye maelezo yake.

Alifunga breki ghafla

SWALI: Gari lililokuwa mbele yangu lilifunga breki ghafla, nikaligonga, na wawili wakanigonga mimi. Kwa nini kosa lisiwe la aliyesababisha yote?

JIBU: Kwa sababu kufunga breki ghafla si kosa peke yake. Mtoto, mnyama, tairi lililodondoka kutoka kwenye lori, hizi zote ni sababu halali, na umbali unaoachwa kati ya magari umewekwa kwa ajili ya dakika kama hiyo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Kuona hatari na kuhamisha mguu kunachukua kama sekunde 1.5, yaani mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Ongeza mita 35 za breki kwenye lami kavu, unapata 68. Lami ikiwa imelowa, breki peke yake inaweza kula mita 60 na jumla ikapita 90. Ile kanuni ya sekunde 2, yaani kumfuata wa mbele kwa umbali unaoupita ndani ya sekunde 2, inakupa mita 44. Inatosha pale tu gari la mbele nalo linaposimama kwa breki, kwa sababu mnachotofautiana ni muda wa kushtuka. Likisimama kwa kugonga kitu, mita 44 hazikutoshi wewe unayehitaji 68. Hapo ndipo msururu unapozaliwa, na ndiyo sababu sisi tunashauri sekunde 3 kwenye barabara kavu na zaidi ya hapo mvua inaponyesha. Chagua nguzo au kibao. Gari la mbele likikipita, hesabu sekunde mpaka wewe ufike.

Dereva wa mbele anaingia katika kosa akisimama bila sababu yoyote, kwa mfano kwa hasira ya kutaka kumwadhibu aliye nyuma, akirudi kinyumenyume, au akikata mbele yako na kufunga breki papo hapo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kwa hili hakuna kinachoshinda kamera ya dashibodi. Itaonyesha kwamba ulikuwa na sekunde 3, kisha gari likakuchomekea na kukuachia nusu sekunde. Bila picha hiyo, yote yanayoonekana baada ya ajali ni pua yako kwenye buti lake. Dalili moja ya kukatwa inaweza kubaki kwenye vyuma: kipigo kikiwa kwenye kona moja ya nyuma ya gari lake badala ya kuenea bampa nzima, huenda gari lake lilikuwa bado halijanyooka kwenye njia yako.

Wapo pia wanaotengeneza ajali makusudi ili walipwe. Gari moja linakukata, jingine linakubana ubavuni usiweze kukwepa, na baada ya mguso mdogo abiria wanne wote wanalalamika shingo. Ukihisi hivyo usigombane nao. Hesabu watu waliomo, wapige picha wakiwa bado ndani ya gari, na umwambie askari atakapofika.

Taa zake za breki hazikuwaka

SWALI: Nina hakika taa za breki za gari la mbele hazikuwaka. Mwenye gari anakana. Inawezekana kujulikana?

JIBU: Mara nyingi inawezekana, mradi balbu zisitupwe. Waya mwembamba ulio ndani ya balbu ya kawaida, ikiwa inawaka wakati wa kishindo, huwa wa moto na laini, kwa hiyo unavutika na kujipinda kama springi iliyonyooshwa. Waya wa baridi ni mkavu: unabaki na umbo lake au unakatika wazi bila kuvutika. Kioo kikivunjika huku balbu inawaka, hewa inauchoma waya na kuacha unga mweupe au wa manjano karibu nao. Mchunguzi wa ajali anayaona haya kwa kioo cha kukuzia. Taa za LED hazina waya huo. Hapo kinachobaki ni kumbukumbu ya kompyuta, kamera, au kipimo cha umeme kwenye swichi ya breki.

Omba kwa maandishi, kupitia bima yako au askari, taa zote za nyuma za gari lile zihifadhiwe. Nyongeza moja: taa mbovu hazikufutii kosa lote. Bado ulipaswa kuona gari linakaribia. Zinapunguza asilimia yako, na usiku zinapunguza zaidi kuliko mchana.

Nifanye nini pale pale barabarani?

SWALI: Nipeni hatua za kufuata, maana siku ile nilichanganyikiwa na sikupata chochote cha kuonyesha.

JIBU: Kwanza uhai. Ajali ya mfululizo haijaisha mpaka magari yanayokuja yasimame, kwa hiyo washa hazadi, watoe watu upande salama nje ya barabara, na mtu asisimame katikati ya magari mawili kwa sababu yoyote, hata ya kupiga picha. Pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali nyuma ya gari la mwisho: mita 50 mjini, na kwenye barabara ya mwendo kasi 100 au zaidi, kama unaweza kufika huko bila kujihatarisha. Aliyeumia shingo au mgongo asisogezwe, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine inayomkaribia.

Kisha picha, kabla magari hayajatenganishwa. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea. Watu hupiga picha ya mkwaruzo wao kwa karibu na kusahau mstari mzima. Tembea pembeni na upige magari yote kwa pamoja, kutoka mbele na kutoka nyuma, yakionyesha mpangilio na alama za njia barabarani. Piga kila nafasi kati ya gari na gari kutoka ubavuni: yamegusana, au yameachana kwa sentimita ngapi? Piga chini, ilipo michirizi ya matairi, vioo na maji ya rejeta, kwa sababu rundo la vioo na matope hudondoka karibu na mahali kishindo kilipotokea, na litakuonyesha gari lilisukumwa kutoka wapi. Ndipo uende karibu, kwenye bampa, namba za gari na rangi iliyohamia. Video ya dakika moja ya kuuzunguka mstari wote inaokoa vitu ambavyo jicho halikuviona.

Kama askari au sheria ya mahali inataka magari yaondolewe haraka, yaondoe, lakini chukua sekunde 30 za video kwanza.

Kwa kila dereva andika jina, simu, leseni, namba ya gari, kampuni ya bima na namba ya mkataba. Wote, si yule aliyekugonga tu. Wengi hurudi nyumbani na namba ya gari moja, kumbe aliyeanzisha ni wa nne. Shahidi bora ni yule ambaye hakuwa ndani ya gari lolote kati ya hayo. Ndiye anayeondoka mapema, basi mwahi. Polisi wakichora mchoro wa ajali, uangalie kabla ya kusaini chochote, hasa mpangilio wa magari na mishale ya mwelekeo.

Namna ya kuzungumza pia ina uzito. Kumwambia mwenzako "pole, umeumia?" ni utu na hakuna atakayekulaumu. Kusema "kosa langu, nitalipa" ni jambo jingine: hujui bado aliye nyuma yako alifanya nini, na kampuni yako inaweza kukataa kufungwa na ahadi uliyoitoa bila ridhaa yake.

Nidai wapi, na nani anatangulia kulipa?

SWALI: Bima ya gari la tatu inasema kosa ni la gari la nne. Bima ya la nne inasema ni la tatu. Mimi wa pili nimekaa na gari bovu.

JIBU: Inategemea bima yako. Kama una bima kubwa, ile inayolitengeneza hata gari lako mwenyewe, acha kuwasubiri. Dai kwa kampuni yako, lipa ekses, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe, na gari litengenezwe. Kampuni yako inachukua nafasi yako ya kuwadai waliokosa. Waandikie mapema kwamba ekses yako nayo iingizwe katika madai hayo, maana usipoisema inaweza kusahaulika. Uliza pia punguzo lako la kutokuwa na madai, yaani nafuu ya ada anayopewa asiyedai, litarudishwa lini. Na wakati huo usikubaliane faraghani na dereva yeyote wala kusaini kwamba umemsamehe, kwa sababu ukimsamehe umeifungia njia kampuni yako, nayo inaweza kukugeukia wewe.

Kama una bima ndogo tu, hiyo inawalinda wengine dhidi ya kosa lako. Gari lako haitalitengeneza. Andika madai kwa bima zote mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikipewa nakala ya barua ya mwenzake, na uzitake zijibu kwa maandishi zikieleza sababu. Mara nyingi, zikiona hoja zao zimewekwa pamoja mezani kwa mtu mmoja, hukubali kugawana. Zikiendelea kukataa, lalamika kwa mamlaka inayosimamia bima. Ikifika mahakamani, washtaki madereva wote wawili katika shauri moja. Ukimshtaki mmoja, kosa lote atamtupia asiyekuwepo, na utaanza upya.

Kuna tatizo jingine linalojitokeza msururu ukiwa mrefu, nalo ni kikomo cha malipo. Mikataba mingi ina kiwango cha juu inacholipa kwa mali za watu wengine katika ajali moja, hata magari yawe mangapi. Kikomo kikiwa 100,000, na madai ya watu watatu ni 60,000, 50,000 na 40,000, jumla ni 150,000. Zikigawanywa kwa uwiano, kila mmoja anapata theluthi mbili ya dai lake: 40,000, karibu 33,300 na karibu 26,700. Salio anadaiwa dereva mwenyewe, au mwajiri wake kama alikuwa kazini kwa gari la kampuni. Mahali pengine hakuna kugawana, na aliyekamilisha karatasi zake mapema analipwa kwanza. Kwa hiyo ripoti ya polisi, picha na makadirio ya fundi viwasilishwe ndani ya siku chache.

Kuhusu makadirio: usikubali yaliyofanywa kwa macho tu. Gamba la bampa linaweza kurudi umbo lake na kuonekana zima huku chuma cha nyuma yake kimepinda. Bampa ivuliwe. Fundi wa bodi akague chuma cha bampa, zulia la buti liinuliwe sakafu itazamwe kama ina mikunjo, na mianya ya mlango wa buti ipimwe kushoto na kulia. Gari lenye kamera au rada ya breki zinazojifunga zenyewe linahitaji vifaa hivyo virekebishwe upya baada ya matengenezo, na gharama hiyo ni sehemu halali ya dai.

Ukungu, na gari lililoharibika njiani

SWALI: Gari liliharibika kwenye ukungu likabaki njiani bila alama. Magari tisa yakagongana. Je, wa kwanza ndiye alipe yote?

JIBU: Atabeba sehemu, pengine kubwa, kama aliweza kulisogeza pembeni, kuwasha hazadi au kuweka pembetatu na hakufanya. Kwa magari yaliyomgonga mwanzoni uzembe wake uko wazi. Kadiri unavyorudi nyuma kwenye mstari, ndivyo sehemu yake inavyopungua na ya kila dereva inavyokua, kwa sababu kwenye ukungu unatakiwa kuendesha mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukiona mita 40 tu, kilomita 80 kwa saa hazina utetezi. Tumeshaona unahitaji 68.

Watathmini pia hutenganisha kwa muda. Gari la tisa likifika dakika kadhaa baada ya la nane kusimama, huo huhesabiwa kuwa ajali mpya, na kikomo cha bima kinaweza kuanza upya. Andika saa. Simu yako inaweka muda kwenye kila picha.

Shingo ilianza kuuma kesho yake

SWALI: Siku ya ajali nilisema sijaumia. Kesho yake shingo ikakaza. Bima imenipa fomu ya kusaini ili nilipwe ya gari. Nisaini?

JIBU: Nenda kwa daktari kwanza. Kichwa kinaporushwa nyuma na mbele, misuli na mishipa ya shingo inavutika, na ni kawaida kabisa maumivu kuanza saa kadhaa baadaye au siku inayofuata. Ukihisi ganzi au udhaifu wa mikono, kichwa kuuma sana, au kushindwa kuzuia mkojo, ni hospitali mara moja. Mweleze daktari tarehe ya ajali na kwamba uligongwa kwa nyuma, ili aliandike hilo kwenye cheti. Taarifu bima kwa maandishi kwamba kauli yako ya kwanza ilitolewa kabla maumivu hayajaanza.

Kuhusu fomu, tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Yakiwa pale bila kutajwa kitu, ukisaini unaweza kuwa umefunga na dai la matibabu. Omba waandike wazi kwamba malipo ni ya uharibifu wa gari peke yake na kwamba dai la majeraha linabaki. Wakikataa, usisaini leo. Muulize mwanasheria, na mwonyeshe pia tarehe ya mwisho ya kufungua dai la majeraha mahali ulipo, maana hiyo ndiyo itakayokuambia una muda gani wa kusubiri shingo ionekane inapona au la.